Tajiri wa gazeti la nusu peni: fedha za John Passmore Edwards zilitoka wapi na zilikwenda wapi

Kila mmiliki wa gazeti au televisheni anapozindua wodi ya wazazi au kukabidhi madawati shuleni, huzuka mabishano ya aina ile ile. Wengine humwita mtu wa huruma, wengine husema anajiandalia ubunge, na wengine hunong'ona kwamba fedha za namna hiyo haziwezi kuwa safi. Mabishano hayo hayafiki popote kwa sababu wabishani hutazama moyo wa mtoaji, ambao hauonekani, na kuyaacha mambo mawili yanayoonekana wazi, yaani jinsi fedha zilivyopatikana na masharti zilizotolewa nayo. Makala haya yanayachunguza mambo hayo mawili kupitia maisha ya Mwingereza mmoja, John Passmore Edwards, aliyezaliwa mwaka 1823 na kufariki mwaka 1911, ambaye alimiliki gazeti la jioni la London lililoitwa The Echo, na ambaye jina lake lingali limechongwa kwenye kuta za maktaba na hospitali kadhaa za London na za Cornwall, mkoa aliozaliwa.

Kwanza tukubaliane kuhusu maneno. Enzi ya Victoria ni kipindi cha utawala wa Malkia Victoria wa Uingereza, kuanzia mwaka 1837 hadi 1901; ndiye malkia ambaye msafiri John Speke alilipa jina lake ziwa letu kubwa mwaka 1858. Mmiliki wa gazeti wa enzi hiyo hakuwa mwenye hisa anayesubiri gawio mwisho wa mwaka. Mara nyingi alikuwa mtu mmoja aliyenunua jina la gazeti pamoja na mitambo yake, akaajiri wachapaji na wauzaji, na tahariri akaziandika kwa mkono wake mwenyewe. Mfadhili naye, kwa maana itakayotumika hapa, si kila mtu atoaye sadaka, bali ni yule anayetoa mali kwa ajili ya kitu cha umma chenye kudumu, kama vile jengo, ambacho halmashauri, chama au kamati fulani italazimika kukiendesha baada ya yeye kuondoka. Huko kuendesha ndiko kulikobeba uzito wa habari hii, ingawa mabango ya uzinduzi hayakutaji.

Edwards alizaliwa Blackwater, kijiji kilicho kati ya miji ya Redruth na Truro, katika nchi ya machimbo ya bati na shaba. Baba yake alikuwa seremala, na mama yake, Susan Passmore, alitoka Newton Abbot katika mkoa jirani wa Devon. Shule ya kijiji haikumfikisha mbali, kwa hiyo sehemu kubwa ya elimu yake aliipata kwa kujisomea vitabu alivyovinunua kwa senti za kuchangachanga. Alifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mwanasheria mjini Truro, kisha mwaka 1844 akaenda Manchester kuwa wakala wa gazeti la kila wiki, The Sentinel, lililopinga sheria za nafaka, yaani ule ushuru uliowekwa kwenye ngano ya kigeni na kuufanya mkate uwe ghali kwa mfanyakazi wa kawaida. Gazeti hilo halikudumu. Mwaka uliofuata aliingia London, akaishi kwa kutoa mihadhara na kuandika makala, na kufikia mwaka 1848 alikuwa miongoni mwa wajumbe wa mkutano wa kimataifa wa amani uliofanyika Brussels.

Mwaka 1850 alianzisha jarida lake la kwanza, The Public Good, kwa akiba ndogo aliyokuwa nayo. Aliliandika na kulisimamia akiwa katika chumba kimoja huko Paternoster Row, mtaa wa wachapaji na wauza vitabu, na chumba hicho hicho ndicho alichokuwa akilala. Aliongeza majarida mengine juu yake, moja la amani, jingine la mashairi, jingine la wasifu wa watu mashuhuri. Yote yalihubiri mema na yote yalipata hasara, hadi akatangazwa muflisi. Wadai wake walipata sehemu tu ya walichomdai, na kisheria deni likaishia hapo. Miaka mingi baadaye, alipokwisha kupata nafasi, aliwatafuta akawalipa kilichosalia chote bila kulazimishwa na mtu, nao wakamwandalia karamu na kumzawadia saa ya dhahabu. Ni kisa kinachopendwa sana na waandishi wa wasifu wake, lakini hakituelezi kwa nini mtu aliyefilisika kwa magazeti alikuja kutajirika kwa magazeti hayo hayo. Jibu halimo katika tabia yake, limo katika kodi.

Hadi katikati ya karne ya 19, serikali ya Uingereza ilitoza kodi tatu zilizolifanya neno lililochapwa kuwa bidhaa ya wenye nacho, na wapinzani wake walizibandika jina la kodi za maarifa. Kila nakala ya gazeti la habari ilibeba muhuri wa serikali uliogharimu peni moja tangu mwaka 1836, na kabla ya hapo peni nne. Kila tangazo lilitozwa kodi yake, na karatasi yenyewe ilikuwa na ushuru. Kwa bei ya namna hiyo, gazeti la kila siku lilikuwa la bwana mkubwa, au la mkahawa ambamo watu kumi waliligawana. Kodi ya matangazo ilifutwa mwaka 1853, muhuri mwaka 1855, na ushuru wa karatasi mwaka 1861. Edwards alikuwa miongoni mwa watu waliopigania kufutwa kwa kodi hizo, na kufutwa kwake ndiko kulikomfungulia mlango. Mwaka 1862, mwaka mmoja tu baada ya karatasi kushuka bei, alilinunua jarida dhaifu liitwalo Building News.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wakisikia tajiri wa magazeti hufikiria siasa, vichwa vikubwa vya habari na kashfa za wakubwa. Utajiri wa Edwards ulianzia kwenye matofali. Building News lilisomwa na wasanifu majengo, wakandarasi na mafundi waliotaka kuona ramani za majengo mapya na kujua zabuni zilizotangazwa, na kwa kuwa wasomaji hao walinunua saruji, vigae na mabomba kwa wingi, wenye viwanda walikuwa tayari kulipia matangazo ili wawafikie. Miji ya Uingereza ilikuwa ikijengwa usiku na mchana, na jarida likakua pamoja nayo. Baadaye alilipata pia English Mechanic, jarida la mafundi na watu wapendao ufundi, ambalo kurasa zake nyingi zilijazwa na barua za wasomaji wakiulizana na kujibizana kuhusu cherehani, injini za mvuke na darubini za kutengenezwa nyumbani. Aliyefilisika kwa kuwahubiria watu alitajirika kwa kuwauzia maarifa waliyokuwa wakiyatafuta wenyewe. Nadhani somo hilo hakulisahau, kwa maana hata alipoanza kutoa fedha zake alizipeleka mahali ambapo watu walikwisha kuonyesha kwamba wanakitaka kitu fulani.

The Echo alilinunua mwaka 1876. Lilikuwa limeanzishwa mwaka 1868, gazeti la kwanza la jioni mjini London kuuzwa kwa nusu peni, na kabla ya kufika mikononi mwake lilikuwa limepita kwa mfanyabiashara wa fedha, Albert Grant. Nusu peni ilikuwa sarafu ndogo ambayo hata kibarua aliweza kuitoa. Pauni moja ya wakati ule ilikuwa na peni 240, kwa hiyo nakala 480 zilipaswa kuuzwa ili ipatikane pauni moja tu, na katika pauni hiyo kulikuwa na chake kijana muuza magazeti, na bei ya karatasi, wino, makaa ya mawe ya mtambo na mshahara wa wachapaji. Ni dhahiri kwamba mauzo peke yake hayakuweza kumlisha mwenye gazeti. Yalichofanya ni kukusanya wasomaji wengi mahali pamoja, na mwenye duka akalipia nafasi ya kusema nao. Idadi ya wasomaji ilizidi kuongezeka baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1870, iliyoanza kupeleka shule za msingi kila pembe ya nchi, ikazaa kizazi cha watoto wa mafundi na vibarua waliojua kusoma.

Edwards aliingia Bungeni mwaka 1880 kupitia chama cha Liberal, akiwakilisha mji wa Salisbury, na akatoka mwaka 1885 akiwa amevunjika moyo, kwani aliona muda mwingi ukipotea katika maneno. Akiwa bado mbunge, mwaka 1884, aliuza theluthi mbili za The Echo kwa Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani mwenye asili ya Scotland, na mshirika wake Samuel Storey. Hawakuelewana juu ya uendeshaji, na baada ya muda mfupi Edwards alizinunua tena hisa zake kwa bei kubwa kuliko aliyouzia. Ugomvi huo una umuhimu wake, kwa sababu leo mtu akiona maktaba ya kale katika mji wa Uingereza hudhani mara moja kwamba ni ya Carnegie. Kwa nyingi ni kweli. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa ya mwisho ya karne ya 19, mji wa London na wa Cornwall uliotaka maktaba ulikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kumwandikia Edwards.

Kwa nini mji umwandikie tajiri ili upate maktaba, wakati Bunge lilikwisha kupitisha sheria ya maktaba za umma mwaka 1850? Sheria hiyo iliruhusu, haikulazimisha. Halmashauri ingeweza kuanzisha maktaba iwapo tu walipa kodi wa mji wangekubali, kwa kura au katika mkutano, na hata wakikubali, kodi ya maktaba haikuruhusiwa kuzidi kiwango kilichowekwa: kwanza nusu peni, na tangu mwaka 1855 peni moja, kwa kila pauni ya thamani ya pango la nyumba kwa mwaka. Tuchukue mfano wa kukisia wa mji mdogo ambao nyumba zake zote kwa pamoja zilithaminiwa pauni 24,000 kwa mwaka. Peni moja kwa kila pauni ni peni 24,000, nazo ni pauni 100. Kwa pauni hizo 100 halmashauri ilipaswa kumlipa mkutubi, kununua gesi ya taa, makaa ya mawe ya kuotea moto, magazeti ya chumba cha kusomea na vitabu. Jengo la pauni 2,000 lingemeza mapato ya miaka ishirini. Mji ungeweza kukopa, lakini deni na riba vilitoka kwenye peni ile ile, na hapo vitabu ndivyo vilivyokosa fedha.

Kwa hiyo sheria ilikuwa imeuacha mji na uwezo wa kuendesha maktaba lakini bila uwezo wa kuijenga, na pengo hilo ndilo alilolijaza Edwards. Utaratibu wake unafahamika vizuri kwa yeyote aliyewahi kuona mfadhili akichimba kisima kijijini kwa sharti kwamba wanakijiji waunde kamati ya maji na kuchangia dizeli ya pampu, na asipoiona kamati huondoka na mashine yake. Edwards aligharimia kuta na paa, na mara nyingi aliongeza vitabu 1,000 vya kuanzia. Mji kwa upande wake ulipaswa kuikubali sheria, kutoa kiwanja na kujitoza peni. Usemi kwamba tajiri aliwapa maskini maktaba unaficha nusu ya habari, kwa sababu mlipaji wa kila mwaka, tangu siku mlango ulipofunguliwa, alikuwa mwenye nyumba na mpangaji wa mji huo huo.

Whitechapel, mtaa wa mashariki ya London uliojaa vibarua na wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ulaya ya Mashariki, unaonyesha jambo hilo vizuri. Walipa kodi wake walikuwa wamekwisha kuikataa sheria ya maktaba mara moja, na wakaikubali mwaka 1889 baada ya kampeni ndefu iliyoongozwa na mchungaji Samuel Barnett na wenzake. Kura ikapatikana, fedha za ujenzi zikapungua, na Edwards akatoa zaidi ya pauni 6,000. Maktaba ilifunguliwa mwaka 1892. Vijana wa Kiyahudi ambao nyumbani hawakuwa na meza ya kuandikia walijisomea humo, akiwemo mshairi Isaac Rosenberg, na wakazi waliiita chuo kikuu cha mtaa wao. Bila fedha za Edwards isingejengwa wakati ule, na bila kura ya 1889 asingekuwa na cha kukijenga.

Zawadi zake zilianza kijijini kwake Blackwater mwaka 1889, kwa jengo dogo la kusomea na kukutania, na katika muda wa miaka kumi na mitano hivi zilifikia majengo yapatayo 70. Cornwall ilipata maktaba Redruth, Camborne, Truro, Falmouth, Liskeard, Bodmin na kwingineko, pamoja na jumba la sanaa la Newlyn. London ilipata maktaba Shepherd's Bush, Acton, East Dulwich na Limehouse, na hospitali ndogo East Ham na Willesden. Mji wa mama yake, Newton Abbot, ulijengewa maktaba ya kumkumbuka. Orodha ni ndefu na sioni faida ya kuimaliza.

Zinazoeleza zaidi ni zile zisizo maktaba. Kule Limpsfield alijenga nyumba ya mapumziko kwa ajili ya wachapaji wanaopata nafuu baada ya ugonjwa, watu waliofanya kazi usiku, katika vyumba visivyo na hewa, wakishika herufi za madini ya risasi siku zote. Ni kundi ambalo mwenye gazeti hakuhitaji kusimuliwa shida zake. Huko Chalfont alisaidia chama kilichonunua shamba ili watu wenye kifafa waishi na kufanya kazi humo, wakati ambapo mtu akianguka mara moja kazini alifukuzwa, na mwisho wake ukawa nyumba ya maskini au hospitali ya vichaa. Katika mtaa wa Bloomsbury alitoa fedha za jengo la huduma za jamii lililoongozwa na Mary Ward, ambamo watoto walicheza jioni chini ya uangalizi, na mwaka 1899 ikaanzishwa humo shule ya watoto wenye ulemavu. Shule ya Uchumi ya London, iliyokuwa changa na isiyo na makao yake, ilipata kwake pauni 10,000 za jengo lake la kwanza, lililofunguliwa mwaka 1902 likiitwa Passmore Edwards Hall. Ni shule hiyo ambayo Jomo Kenyatta alikuja kusomea elimu ya jamii na mila katika miaka ya 1930, chini ya mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski.

Je, alikuwa akitafuta cheo? Mpangilio wa miaka unajibu sehemu ya swali hilo: ubunge aliuacha mwaka 1885, na majengo yakaanza mwaka 1889, kwa hiyo hakuna kura aliyokuwa akiinunua. Alipewa nafasi ya kuwa Sir mara mbili, kwanza na Malkia Victoria na kisha na mwanawe Mfalme Edward wa Saba, na mara zote mbili alikataa. Asiyependa ubwana, hata hivyo, si lazima awe asiyependa jina. Majengo mengi yaliandikwa jina lake juu ya mlango kwa herufi zinazosomeka kutoka upande wa pili wa barabara, na heshima za miji, kama ile ya kufanywa raia wa heshima wa Truro na Falmouth, alizipokea. Mimi naona alikuwa akichagua nani amheshimu, akaona bora asifiwe na halmashauri ya mji wa wachimba madini kuliko na ikulu.

Kuna swali jingine gumu zaidi ambalo wasifu za kumsifu hulipita upesi. Ramani za majengo yake kadhaa ya London, ikiwemo maktaba ya Shepherd's Bush, zilichorwa na Maurice Adams, ambaye alikuwa mhariri wa Building News, jarida la Edwards mwenyewe, na michoro ya aina hiyo ndiyo chakula cha jarida la ujenzi. Fedha zilikuwa zake na hakuna sheria iliyovunjwa, lakini ikumbukwe kwamba biashara na ufadhili vilitumia meza moja. Vilevile, kwa kupendelea majengo kuliko gharama za kila siku, aliiacha miji midogo na kuta nzuri ambazo peni moja ilitosha kwa shida kuzipasha moto, seuze kuzijaza vitabu. Lawama hiyo inamgusa, lakini inaligusa zaidi Bunge lililoing'ang'ania peni ile kwa zaidi ya miaka sitini.

Kuhusu usafi wa fedha, ushahidi ulio wazi ni kwamba zilitoka kwenye matangazo na sarafu ndogo za wasomaji wengi, na kwamba mara kadhaa mwenyewe alisimama upande usiouza magazeti. Alipinga vita vya Crimea dhidi ya Urusi, akapinga adhabu ya kifo na biashara ya kasumba, yaani afyuni, na akiwa mzee wa zaidi ya miaka 75 akapinga vita dhidi ya Makaburu wa Afrika Kusini vya 1899 hadi 1902, wakati umma wa London ulikuwa ukiwashangilia wanajeshi barabarani.

The Echo aliliuza kabla karne haijaisha, nalo likafa mwaka 1905. Yeye alifariki Hampstead tarehe 22 Aprili 1911. Kikomo cha peni kiliondolewa kwa sheria ya mwaka 1919, na tangu hapo halmashauri zikawa huru kujenga na kununua vitabu kwa kiasi zitakachoafikiana na walipa kodi wake. Baadhi ya majengo ya Edwards yanaendelea kuwa maktaba, mengine yameuzwa au kubadilishwa matumizi. Lile la Whitechapel liliunganishwa na jumba la sanaa lililo ubavuni mwake mwaka 2009, baada ya halmashauri kuvihamishia vitabu kwenye jengo jipya jirani, linaloendeshwa, kama lile la zamani, kwa kodi ya wakazi.